Draiva Mbili, Tundu Moja

Hapo zamani, si zamani ya dinosaria, zamani ya juzi juzi tu, palikuwa na karakana ya milango kule Mafinga. Ilikuwa na mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Nawaambia ilikuwa kali, ingeweza kumchonga mbu masharubu huku anaruka. Msicheke. Niliiona mimi, na macho yangu yanafika mpaka Zambia.

Kompyuta yake iliendeshwa na mfumo wa Linux, ule wa papo kwa papo. Ukisema kata, inakata sasa hivi. Amri ikichelewa hata nusu ya kufumba jicho, kisu kinapotea njia.

Fundi wa mashine aliitwa Luhanga. Tajiri wake, Mzee Nyaulingo, alikuwa na sheria moja: kitufe chekundu cha dharura kisiguswe. Ukikibonyeza, mashine inasahau ilipofikia, mlango mzima unakuwa kuni. Kwa hiyo mashine ikigoma, Luhanga alipeleka mkono, akatoa maranda, kazi ikaendelea. Ndivyo walivyozoea.

Basi Tegemea, mchoraji wa maua ya milango, akachoka kuona maua yake yamefifia kwenye kioo cha kompyuta ile ile ya mashine. Akaweka kadi mpya ya picha na draiva yake. Draiva siyo dereva wa lori, jamani. Ni programu inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Maua yaking'aa, nyuki wanapiga hodi dirishani! Lakini mashine ikapata kwikwi: kata, tulia, kata, tulia.

Akaja Chelestino, karani wa oda, akaweka printa. Draiva ya printa ikang'ang'ania tundu lile lile la waya wa mashine. Printa ikichapa, mashine bubu.

"Chele, toa lidude lako!"

"Toa lako kwanza, dada Tege. Kabla ya maua yako, hapa palikuwa na kwikwi?"

Tegemea akatoa draiva ya printa. Chelestino akairudisha, akatoa ya picha. Tegemea akairudisha. Kila mmoja akajaribu cha kwake, kikafanya kazi, akasema mbona iko sawa. Walitoa na kurudisha mpaka kompyuta ikaota mvi. Mwishowe zote mbili zikabaki humo. Kujaribu zote pamoja mashine ikiwa inachonga? Hakuna.

Kompyuta yenyewe ililia, ikaandika kwa wekundu: amri zinachelewa.

"Aa, wateja wataona kama tunaungua," akasema Mzee Nyaulingo. Akalizima onyo kwa mkono wake.

Siku ya mlango wa kanisa, Luhanga yuko kazini. Chelestino, bila kumwambia mtu, akachapa kadi za sendofu, sherehe ya kumuaga dada yake anayeolewa. Mashine ikanyamaza. Luhanga akapeleka mkono kutoa maranda. Printa ikamaliza, ikaachia tundu, na amri zote zilizokwama zikashuka kwa mkupuo.

Vidole vya kulia vilikwenda, kikabaki kidole gumba. Hapa siongezi chumvi.

Alipotoka hospitali, Luhanga alirudi karakana. "Kuchonga siwezi tena, mzee. Nipeni kazi ya kukaa. Wanangu wanakula kwa mkono huu."

"Viti vya ofisini ni vitatu: changu, cha Tegemea na cha Chelestino," akasema Mzee Nyaulingo. "Mwenye kosa anyanyuke, Luhanga akae."

Chelestino akaruka: "Printa iliisimamisha tu. Mashine iliyosimama inamkata nani? Kwikwi za maua ndizo zilizomzoesha kupeleka mkono kila saa!"

"Kwikwi zangu zilikata mtu lini?" Tegemea akajibu. "Wewe ndiye uliyeifunga ikafunguka ghafla. Na onyo lingekuwepo, Luhanga angeliona." Akamtazama mzee.

"Onyo lile mlikuwa mnalisoma?" akasema mzee. "Na mkono niliupeleka mimi? Luhanga ni mtu mzima, kitufe alikiona."

"Si ulikikataza mwenyewe, mzee?" akauliza Luhanga.

"Nilikataza kuharibu mlango, Luhanga. Sikukukataza kuokoa mkono."

Ni kweli, siku ile Luhanga aliuogopea mlango kuliko vidole vyake.

Wakabishana mpaka chai ikaja, wakainywa wamekaa, wote watatu. Luhanga peke yake ndiye aliyekuwa amesimama, kikombe kakishika kwa kushoto.

Haya, nyie wajuaji, na wewe unayetafuna huko nyuma: je, nani alistahili kunyanyuka?