Mwili wa Kitanda cha Nne

"Mwili wa kitanda cha nne una ndugu hapa?"

Nesi aliuliza hivyo akiwa mlangoni, faili mkononi, na watu wawili waliokaa kwenye benchi hawakumjibu. Akauliza tena. Wakatazama ukuta. Si kwamba hawakusikia. Mmoja alikuwa na binti kitanda cha nne, mwingine alikuwa na mke kitanda cha nne. Mwenye mwili hakuwapo.

Lishikeni swali hilo, tutalihitaji. Sasa nianze panapostahili.

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani ya hadithi hii ina umeme na ina simu, palikuwa na mwanamke wa milimani aitwaye Namkunda, mkulima wa tangawizi. Alikuwa na mama, Nanzia, mwosha maiti wa kijiji. Alikuwa na mume, Eliamani, fundi seremala. Na alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ya kwanza.

Jumamosi moja, akiosha tangawizi kwenye mfereji, alisema, "Kichwa kimenigonga kama shoka." Akaketi, akalala, hakuamka. Wakambeba mpaka hospitali ya mjini. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa. Akapitishwa bomba kooni, akaunganishwa na mashine ya kupumulia, kifua kikapanda, kifua kikashuka.

Jumatatu daktari Mzirai alimpima. Alimmulika macho kwa tochi, mboni hazikusinyaa. Alimgusa jicho kwa pamba, kope hazikupepesa. Alimmiminia maji baridi sikioni, macho hayakusogea. Alimtenga na mashine dakika nane, akikitazama kifua kama kitajiinua chenyewe, hakikujiinua. Daktari wa pili akarudia yote, kimoja kimoja. Ndipo nesi Zaituni alipotumwa mlangoni, ndipo alipouliza lile swali, ndipo alipokosa wa kumjibu. Daktari akatoka mwenyewe.

"Poleni sana. Ubongo wa Namkunda umekufa. Wote, mpaka shina lake, na haurudi. Kwa taaluma yetu huyo amefariki. Nimeandika saa nne na dakika ishirini asubuhi."

"Anapumua," alisema Nanzia.

"Mashine ndiyo inayopumua, mama."

"Na moyo?"

"Moyo una ukaidi wake. Ukiletewa hewa, unapiga, hata kama huko juu hakuna tena wa kuuamuru."

"Mwanangu daktari, mimi nimeosha maiti arobaini na moja. Sijaosha hata moja yenye jasho. Huyu ana jasho."

Eliamani alisema kwa sauti ya chini, "Mama, waliosomea wamesema. Amekufa. Tumpeleke nyumbani tumzike."

"Umemwoa juzi, leo una haraka ya sepetu."

"Haraka sina. Ila sitaki mke wangu ajazwe upepo kama tairi."

Daktari alingoja wamalize. Kisha akasema, "Kuna jambo jingine. Mtoto yu hai. Tukizima mashine leo, naye anakwenda. Tukiiacha kama wiki tatu, huenda akapona. Siahidi."

Eliamani alijifunika uso kwa viganja. "Mnataka kumfanya chungu," alisema. "Chungu cha kumwivishia mtoto."

"Chungu hakilei mimba," akasema Nanzia. "Anayelea mimba ni mama. Yuko hai."

"Amekufa."

"Yuko hai."

"Amekufa, mama."

Walibishana hivyo mpaka nesi akawaletea maji ya kunywa. Mwishowe Eliamani akaichukua kalamu. "Natia sahihi kwa ajili ya mtoto," alisema. "Lakini mjue wote, mke wangu alikufa saa nne na dakika ishirini."

Basi zikaanza siku kumi na tisa.

Kila siku Nanzia alikuja, akampaka binti yake mafuta ya nywele, akamsuka, akamfumua, akamsuka upya. Akampa habari za nyumbani: mbuzi wa jirani amekula mbegu za tangawizi, na sasa anapiga chafya kama mzee wa ugoro. Kila siku Eliamani alikuja, akainama karibu na tumbo, akasema, "Habari za leo, mgeni?" Akamweleza mtoto kitanda anachomchongea, mbao gani, miguu mingapi. Hakuinua macho hata siku moja kuutazama uso wa mkewe.

"Kwa nini humtazami?" Nanzia alimuuliza.

"Marehemu hutazamwa siku ya kuagwa, mama. Siku hiyo haijafika."

Na kila siku nesi Zaituni alimgeuza mgonjwa, akamlisha kwa mpira, akaandika kwenye faili: *Mwili umegeuzwa. Mwili umelishwa.* Alikuwa na mazoea ya kuandika huku akijisomea kwa sauti, na Nanzia akamsikia.

"Binti, nikuulize. Hata marehemu si ni *a*? Marehemu *a*meagwa, marehemu *a*mezikwa. Mbuzi mla mbegu ni *a*. Mbona wewe umempa mwanangu *u*, kama mti, kama mkeka?"

"Ndivyo tunavyoandika wodini, mama," alisema Zaituni. "Kwa kitanda kama hiki, ukisema *a* kila siku, humalizi mwezi kazini."

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, umeme ulikatika. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Vitanda vilikuwa vinne, manesi wanne, kila mmoja na wake. Zaituni akalichomoa bomba kwenye mashine, akachomeka mfuko wa mpira, akaanza kuuminya kwa mikono. Minya, achia. Minya, achia. Vidole vikakakamaa. Nanzia akasema, "Nipe nikupokee." Zaituni akatikisa kichwa, jasho likimdondoka puani. Minya, achia. Saa moja na dakika hamsini.

Umeme uliporudi, daktari aliingia mbio. Zaituni alikuwa ameketi sakafuni, viganja vimejikunja kama makucha ya kuku. "Anapumua vizuri, daktari," alisema.

"Umesema *a*," akasema Nanzia.

"Nimechoka, mama. Usinihesabie."

Siku ya kumi na tisa presha ilianza kushuka, haikukubali dawa, na daktari akaamua kupasua. Alitoka mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia mbili, akalia kama paka mchanga. Wakamkimbiza kwenye kisanduku cha joto. Kisha mashine ikazimwa. Robo saa baadaye moyo wa Namkunda ukasimama. Daktari alitazama saa ya ukutani, lakini safari hii hakuandika kitu. Alikuwa ameshaandika.

Nanzia alimwosha mwenyewe. Akawa wa arobaini na mbili.

Mpaka hapa, mtu akiniuliza nani ana kosa, nasema sioni. Kosa, kama lipo, linaanza baada ya mazishi.

Mtoto alibaki hospitali wiki saba, akipimwa, akilishwa maziwa kwa kijiko. Alipofika kilo mbili, wakaambiwa kesho anaruhusiwa. Ndipo shangazi yake Eliamani, Bi Nakijwa, mwenye kushika mila za kijiji chao, alipowakalisha wote kwenye benchi nje ya wodi ya watoto njiti.

"Mila yetu mnaijua," alisema. "Mtoto aliyemkuta mama yake hai ni wa kwa baba. Jina tunatoa sisi, na atakulia kwetu. Mtoto aliyetoka kwa mama aliyekwisha kufa ni wa bibi mzaa mama. Yeye ndiye atakayempa jina, yeye ndiye atakayemlea, maana mji uliopoteza mtu hurudishiwa mtu. Sitaki hotuba. Nauliza moja tu: mtoto alipotoka, mama yake alikuwa hai au amekufa?"

Nanzia alifungua kinywa upesi, kama alivyozoea. "Alikuwa..." Akakifunga.

Eliamani alifungua kinywa upesi, kama alivyozoea. "Alikuwa..." Akakifunga.

Bi Nakijwa akawatazama. "Mbona kimya? Siku kumi na tisa mlitutoboa masikio kwa jibu hilohilo."

Eliamani ndiye aliyeanza, macho chini. "Alikuwa hai, shangazi. Moyo ulikuwa unapiga. Tumbo lilikuwa linakua. Maiti haikuzi tumbo."

"Leo?" akasema Nanzia. "Aliyesema tairi nani? Aliyesema chungu nani?"

"Mimi. Na aliyesema jasho nani?"

"Mimi."

"Basi sema tena, mama. Sema ana jasho."

Nanzia aliingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi ya daktari, ile aliyoikataa, ile aliyokuwa ameitupa chini na nesi akamwokotea. Akaifungua mikunjo. "Jumatatu," alisoma. "Saa nne na dakika ishirini. Mtoto alizaliwa Jumamosi ya tatu yake. Waliosomea wamesema."

"Mmebadilishana viatu," alisema Bi Nakijwa, "na naona vinawabana wote wawili."

Hapo Eliamani akainua uso. "Vinanibana, shangazi. Nikisema alikuwa amekufa, nampoteza mwanangu, na kitanda nimekwisha kukichonga. Nikisema alikuwa hai, basi kwa siku kumi na tisa mke wangu alilala mbele yangu yu hai, na sikumtazama usoni."

Nanzia akaikunja karatasi, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kidonge. "Na mimi nikisema alikuwa hai, narudi kwenye nyumba tupu, na mjukuu nitamwona siku za sikukuu. Nikisema alikuwa amekufa, basi siku kumi na tisa nilikuwa namsuka nani? Nilikuwa namhadithia nani habari za mbuzi?"

Daktari Mzirai alikuwa anapita. Bi Nakijwa hakumwacha. "Daktari, wewe huna mtoto wa kugombea hapa. Sema."

"Alikufa Jumatatu, mama. Siwezi kusema vingine, maana vipimo havikusema vingine."

"Basi aliyezaa ni nani?"

Daktari aliangalia viatu vyake. "Kwenye kadi ya mtoto nilijaza jina la mama. Palipouliza hali ya mama wakati wa kujifungua, niliruka mstari."

Mimi hapo ndipo hasira hunipanda, nisiwafiche. Mtu aliyemulika macho, akagusa kwa pamba, akamimina maji sikioni, akahesabu dakika nane bila kutikisika, kalamu ilimshinda kwenye mstari mmoja. Lakini ngojeni, kuna mwingine hajasema.

Nesi Zaituni alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. Mlango ni mwingine, nesi ni yuleyule.

"Mimi simtaki mtoto," alisema. "Ninao wangu wawili nyumbani na wananitosha. Lakini mnagawana kana kwamba nyinyi ndio mliokuwapo peke yenu. Kama jina hutolewa na aliyetoa pumzi, basi saa moja na dakika hamsini pumzi ilitoka hapa." Akainua mkono mmoja, vidole bado havinyooki sawasawa. "Baba alisema mtoto wangu. Bibi alisema mwanangu. Daktari alisema Jumatatu. Hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa nampulizia nani."

"Ulikuwa unampulizia nani?" Bi Nakijwa akauliza.

Zaituni akatazama kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, kile cha hospitali, alichokiandika yeye mwenyewe siku ya kwanza. *Mtoto wa Namkunda.*

"Aliyezaliwa na mama aliye hai tunamwandika hivi," alisema. "Na yatima tunamwandika hivi hivi. Nilipofika hapo sikujua pa kwenda. Nikabaki na hiyo *wa*."

Mtoto akapiga chafya. Nanzia alicheka kabla hajajizuia, na Eliamani pia. Kisha wakakumbuka walipo.

Sasa kesho ni kesho. Mtoto anatoka wodini, amefungwa blanketi, na gari litapanda mlima. Kwenye njia panda litakata kulia kwenda kwa Eliamani, kwenye kitanda kipya, au litakata kushoto kwenda kwa Nanzia, kwenye nyumba tupu. Halitakata kote kuwili. Na kabla ya njia panda lazima mtu amwite mtoto jina.

Msinijibu kwamba wakae wakubaliane. Wamekaa. Msinijibu kwamba daktari ndiye anayejua. Ameshasema alichojua, kisha akaruka mstari. Na msinijibu kwamba Namkunda angependa hivi au vile, kwa sababu katika watu wote waliokaa kwenye lile benchi hakuna aliyewahi kumuuliza alipokuwa na kinywa, na sitaki mumsemee leo kwa kuwa hana.

Eliamani alimwita maiti, akatia sahihi, na mtoto akaishi. Nanzia alimwita hai, akakataa azimwe, na mtoto akaishi. Daktari aliandika kifo, kisha akampasua, na mtoto akaishi. Zaituni alimwita mwili, akampulizia mpaka vidole vikapinda, na mtoto akaishi.

Je, nani alistahili kumpa jina?

Fikirini, kisha mjibu. Ila nawaomba jambo moja dogo. Kabla hujamtaja mtu yeyote, nitamkie kwanza neno moja, kwa sauti, nikusikie umeanza na herufi gani: alizaa, au ulizaa?