Buti Lililokataa Kufunguka

Mliokaa nyuma, sogeeni mbele. Msiogope, leo sichangishi. Leo nina kisa tu, na visa vyangu mnavijua: hata waliomaliza chuo kikuu huacha kusinzia wakavisikiliza, na mimi niliyeacha shule mapema ndiye ninayewaamsha.

Basi alikuwepo baba mmoja, seremala, mtu wa maombi hasa. Akipiga magoti, mtaa mzima unajua. Hali ilikuwa ngumu, mbao zimepanda, na watu hawanunui tena makabati. Nguo zao wanazilaza kwenye mabegi. Baba akamwambia Mungu: "Bwana, nipe gari. Gari tu, nibebe abiria, watoto wangu wale." Akafunga, akakonda, mpaka mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya.

Haukupita muda akatokea kijana mmoja anauza Noah. Gari safi, limepakwa rangi juzijuzi, na bei yake ni ile ambayo ukitajiwa unageuka nyuma kuangalia kama ni wewe unayeambiwa.

"Kadi yake ya umiliki iko wapi?" mke wa seremala akauliza.

"Kadi inakuja, mama," kijana akajibu. "Iko kwa bosi, amesafiri."

Mama akamvuta mumewe pembeni. "Baba watoto, mbona rahisi hivi?"

"Sasa wewe ulitaka Mungu auze ghali ndiyo uamini?" baba akacheka. "Muujiza hauulizwi kadi."

Mama akanyamaza. Wanaume, mnaujua ule ukimya wa nyumbani? Mkiusikia, rudini mkahesabu upya.

Gari likaletwa kanisani. Likawekewa mikono, likapakwa mafuta ya upako mpaka kwenye matairi. Seremala akasimama mbele kushuhudia, akalia, akina mama wakapiga vigelegele. Kwenye kioo cha nyuma akabandika stika kubwa: BWANA AMENITENDEA. Watoto wakaanza kula. Wakashiba, msidhani nawadanganya.

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Buti lilikataa kufunguka. Alilivuta, akalisukuma, akaita mafundi. Siku moja alilikemea kwa jina la Yesu, akamalizia juu yake chupa nzima ya mafuta. Wapi! Mizigo ya abiria ikawa inapitishwa juu ya viti, na watu wanagongwa vichwa na magunia ya mkaa.

Siku moja ya Jumapili aliegesha gari nje ya kanisa, akaingia ndani kusifu. Alipotoka, gari halipo. Pale lilipokuwa kimebaki kitone cha oili na kuku anayeparura.

Ndugu zangu, mtu aliomba! Alirudi ndani akaangukia madhabahu, akanguruma: "Bwana, gari lirudi kwa mwenyewe! Popote lilipofichwa, mikono ya mwizi iungue, lirudi kwa mwenyewe!" Na kanisa zima likaitikia, "Amina!" Nyie mnajua kuitikia Amina. Hamuulizi.

Mungu hakukawia. Polisi walilisimamisha gari kwenye kizuizi, dereva akaruka akakimbilia mashambani. Seremala alipopigiwa simu alivaa suti yake ya harusi. Njia nzima alikuwa akiupanga ushuhuda wa Jumapili, anachagua pa kulia na pa kunyamaza kidogo. Mkewe alikuwa pembeni yake.

Kituoni alikuta mama mmoja wa makamo ameketi kwenye benchi, amejifunga kitenge, viatu vina vumbi la safari. Askari alikuwa ameshaangalia namba za injini.

"Mzee, gari hili lina wenyewe wawili," akasema. "Huyu mama aliibiwa mwaka jana, mkoa wa jirani. Kadi anayo. Wewe yako?"

"Inakuja, afande."

"Inatokea wapi?"

Seremala akapapasa mifuko ya suti. Askari akaonyesha nyuma ya gari. "Haya, fungua buti."

"Hilo halifunguki, afande. Bovu tangu nilinunue."

Yule mama akainuka taratibu. Akashika kitasa, akakiinua juu badala ya kukivuta, halafu akaligonga buti kwa goti. Puu! Likafunguka kama lililokuwa likimsubiri. Ikatoka harufu ya zamani ya pilau. Mama akafunua zulia, akapapasa pembeni, akachomoa mwiko mrefu wa mbao.

"Kumbe ulikuwa humu," akauambia mwiko. Kisha akamgeukia seremala, wala hakupandisha sauti. "Mimi mpishi wa shughuli, baba. Tangu waliibe, masufuria nayasukuma kwa mkokoteni, mimi na wanangu. Kila siku naomba. Na wewe, kwa stika hii, naona ni mtu wa maombi. Ulikuwa unaomba nini?"

"Nilikuwa naomba..." Suti ilikuwa imeanza kumbana. "Nilikuwa naomba gari lirudi kwa mwenyewe."

"Amina, baba," akasema mama. "Na mimi hivyohivyo."

Askari akauliza ni nani aliyemuuzia. Seremala akapiga hesabu. Akimtaja kijana, atatakiwa kueleza kwa nini hakudai kadi, na huenda akalala mahabusu. Hapo ndipo mkewe alipofungua mdomo.

"Sema, baba watoto. Mungu uliyemwita amefika."

Akasema. Alisema yote, hata lile la muujiza usioulizwa kadi. Alipomaliza alisogea kwenye kioo cha nyuma, akaanza kubandua ile stika kwa ukucha, aibu imemjaa.

Yule mama akamshika mkono. "Iache, baba. Sasa hivi inasema kweli."

Mnacheka? Chekeni. Lakini niambieni: ile siku seremala analia kwa furaha pale madhabahuni, mama wa pilau alikuwa analia wapi? Mungu ni wa nani kati yao? Sisi tunaomba kama vile tuko peke yetu duniani. Tunasema "Bwana, nipe," kikija cha rahisi hatuulizi kimetoka mikononi mwa nani. Njaa inauma, nakubali, na mimi ninayo hapa. Lakini Mungu hamlishi mtoto wako kwa kumwibia wa jirani. Kuuliza si kukosa imani. Yule mke aliyeuliza kadi, mimi nasema ndiye aliyekuwa akiomba katika nyumba ile.

Haya, tusimame tuombe. Na wewe uliyenunua simu kichochoroni, haina boksi wala chaja, ukaja hapa kushuhudia, nakuona. Usiinamishe kichwa. Fumba macho uombe kama kawaida, ila ujue kwamba mwenye simu naye yuko magotini saa hii, na kati yenu wawili, najua nani atajibiwa.