Kichaka cha Bi Kidawa

Zamani, wajukuu wangu, zamani za mtama kumpita mtu kimo, aliondokea mjane akiitwa Bi Kidawa. Mume kafa, mtoto hakujaliwa. Alikuwa na shamba la mtama, na kando yake kichaka alichoachiwa na marehemu. Humo walilala ndege kurumbiza, humo walijenga manyigu, humo walikaa vinyonga. Kukicha wanatoka kula viwavi, shamba hili na lile, jioni wanarudi. Wewe Mbwana, usicheke! Kinyonga naye ni mkulima.

Wenzake walikwisha kufyeka mashamba yao yakawa meupe pe. Walilima kwa ujima: leo kwangu, kesho kwako, na nyimbo juu. Bi Kidawa akizisikia nyimbo hizo, jembe lilimlemea. Akamwendea Bi Tufaha, mkubwa wa ujima.

"Shoga, niingizeni nami."

"Na uchafu ule ulio mpakani? Ufyeke, tutakuja kwako na ngoma."

"Marehemu aliniusia nisiuguse."

"Basi kalime na marehemu wako."

Lo! Neno lilimchoma. Akalima peke yake. Kesho yake, peke yake. Siku ya tatu, peke yake. Siku ya nne akashika panga, akafyeka huku analia.

Wakaja, wakalima, wakaimba, wakala wali wake. Siku moja tu, wajukuu wangu, lakini ilikuwa tamu! Kulipokucha akatoka nje, akasikiliza. Kimya. Hakuna kurumbiza, hakuna mbawa.

Mtama ulipochanua majani, viwavi wakaja. Wakala kwa Bi Kidawa, wakala kwa Bi Tufaha, wakala kijiji kizima, na hapakuwa na wa kuwala wao. Njaa ikaingia. Watu wakafunga mizigo.

"Twende, shoga," akasema Bi Tufaha, macho chini.

"Nendeni. Mimi nilikuwa na majirani, nikawafukuza ili niimbiwe siku moja. Nitawangoja."

Akabaki anakula mizizi, anapanda miche mpakani, anaimwagilia kwa kata. Mvua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kurumbiza mmoja akatua kwenye mche, akaita. Bi Kidawa akatupa kata, akamwitikia, "Karibu mwanangu, karibu nyumbani."

Basi, wajukuu, kabla hujaulilia upweke, tazama kwanza unaokaa nao. Kisa changu kimefika mpakani. Auvukaye asije na panga.