Kisima cha Tangazo

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, mawe yalipokuwa bado laini na sisi pimbi tulipokuwa bado tunadhani tuna akili, ulifika mwaka wa uchaguzi. Sogeeni karibu. Na wewe, acha kumkanyaga mwenzako. Hiki ni kisa cha babu wa babu yangu, nacho kinaeleza kwa nini hadi leo watu wakitaka kumtukana mtu humwita pimbi. Msinune. Tusi hilo tulilitafuta wenyewe.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mto ukabaki dimbwi moja tu. Mwenyekiti wa dimbwi, Nyati, alikuwa amezeeka na kung'atuka, na kiti chake walikitaka wawili: Tembo na Kiboko. Wanyama wakubwa walikwisha kugawanyika, nusu huku, nusu kule. Tuliobaki ni sisi wa kwenye mawe, yaani pimbi, kobe na nguchiro. Tuliitwa Wasioamua.

Jina zuri, sivyo? Mtu angedhani tumekaa tunapima sera. Wapi! Tulikuwa na kiu. Dimbwi lilikuwa la wakubwa, na mdogo aliyeteremka kunywa alirudi amekanyagwa, au hakurudi kabisa. Kwa hiyo alfajiri tulilamba umande juu ya mawe, kabla jua halijauwahi.

Babu yetu Pimbi alikuwa na mtoto wa pekee, jina lake Changarawe. Asubuhi moja alimkuta akilamba jiwe kavu. Umande ulikuwa umekwisha zamani, lakini mtoto aliendelea, polepole, ulimi umegeuka mweupe.

"Mwanangu, hapo hapana kitu."

"Najua, baba," Changarawe alisema. "Nalamba palipokuwa na kitu."

Pimbi aliingia pangoni, akakaa, akalia. Mkewe, Mama Changarawe, hakulia. Alisimama mlangoni akamtazama.

"Machozi yako hayanyweki, yana chumvi," alisema. "Fanya jambo."

Jambo likaja lenyewe, kwa miguu minne. Gudu, gudu, gudu. Mawe yakatikisika. Alikuwa Tembo.

"Hodi hapa."

"Karibu, mheshimiwa mtarajiwa," Pimbi alisema, ametoa kichwa tu.

"Wewe ndiye mpiga mbiu?"

"Ndiye mimi. Mkia sina, shingo sina, na miguu hii kama ya kuazima. Lakini sauti ninayo."

Hapo hakudanganya. Sauti yake ikitoka, wageni walitafuta mnyama mkubwa aliyejificha nyuma yake.

"Nataka tangazo," Tembo alisema. "La kuwavuta hawa Wasioamua. Tangaza kwamba nitawachimbia kisima hapa chini ya mawe."

"Na utakichimba kweli?"

Tembo alicheka mpaka masikio yakapepea. "Pimbi, unauliza kama mtoto. Kisima ni cha kwenye tangazo."

Pimbi akageuka kidogo, akamwona Changarawe amelala kivulini, mdomo wazi. Hapo ndipo akili ikamjia, au kile tulichokuwa tukikiita akili.

"Mheshimiwa, nikitangaza kwa mdomo hawataamini. Nyati alitangaza. Baba yake Nyati alitangaza. Masikio ya hawa watu yamejaa nta. Wanaamini macho tu, kwa hiyo tangazo lako lazima walione."

"Walione vipi?"

"Tutaigiza. Utasimama kwenye mchanga, pale chini, ujifanye unachimba. Siku ya uchaguzi watu watakaa juu ya mawe wakutazame. Lakini igizo linataka mazoezi."

"Kujifanya tu?"

"Kujifanya tu. Mtu mzito kama wewe achimbe kweli ili iweje?"

Tembo akaridhika. Kesho yake alikuja, akakwaruza mchanga kwa mguu mmoja, mara mbili tatu, akasubiri kusifiwa.

"Samahani, mheshimiwa," Pimbi alisema kutoka juu ya jiwe. "Huko ni kuchimba au unajikuna? Kobe yuko nyuma kule, hata vumbi halioni."

Tembo akatia nguvu. Chwaa! Chwaa! Vumbi likapanda.

"Vumbi zuri. Sasa jasho liko wapi?"

"Sisi tembo hatutokwi na jasho."

"Basi choka. Uso uonyeshe umechoka kwa ajili yetu. Na uchovu wa kuigiza unajulikana, mheshimiwa. Chimba mpaka uje wenyewe."

Ikawa kazi ya kila siku. Shimo likiwa dogo, Pimbi alisema mpinzani ataliita kaburi la kuku. Likiwa refu kidogo, alisema limepinda, nalo litaonyesha tabia ya mgombea. Tembo alinung'unika, akanyoosha, akachimba.

"Pimbi," alisema siku moja, amezama mpaka magoti, "mbona kama nachimba kweli?"

"Unaona unavyojua kuigiza? Hata mwenyewe umeamini."

Tembo alifurahi sana, akachimba hadi jioni bila kuambiwa.

Mchanga ulirundikana mpaka ukaziba njia ya kufikia shimo. Pimbi alikuwa anajiuliza nani atauondoa, ndipo akatokea Kiboko, anahema, amekasirika.

"Nasikia unamtengenezea Tembo tangazo. Nami nataka langu. Tena liwe kali."

"Lako ninalo tayari kichwani," Pimbi alisema. "Litaonyesha Kiboko akisafisha uchafu wa mpinzani wake. Unauona mchanga ule? Nani ameutupa ovyo pale?"

"Tembo," Kiboko alisema, macho yakamng'aa.

"Basi uusukume mpaka kule, kwa kidevu, watu waone nani anajali usafi."

Kiboko akasukuma mchanga huku akimsema Tembo maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Nasi juu ya mawe tulimshangilia mmoja asubuhi, mwingine jioni, kwa moyo uleule. Tuliona raha ya kuwa Wasioamua. Hakuna anayembembeleza mtu aliyekwisha kuamua.

Siku ya kuamkia uchaguzi, Pimbi aliwakusanya watu wa mawe pangoni. Siku hizo kura ilikuwa ni kupanga mstari nyuma ya mgombea umtakaye.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Kesho Tembo atachimba, kisha atasema maneno. Maneno hayo nimeyatunga mimi, hapahapa, nimelala chali. Asiamini mtu hata neno moja. Maji yakitoka, tunywe. Lakini mstarini tusiende. Tusimame katikati mpaka mmoja wao aape mbele ya wote kwamba atatuachia njia yetu ya kwenda dimbwini, asikanyagwe mtoto tena. Kura yetu ndiyo bei ya njia hiyo."

Watu wote wakakubali. Mama Changarawe akauliza, "Na wewe je? Utaweza?"

"Mimi?" Pimbi alicheka. "Mke wangu, mpishi haulizi nani ametia chumvi."

Siku ikafika. Wasioamua tulijaa juu ya mawe. Tembo alikuwa ndani ya shimo mpaka mabega. Akainua mguu, akapiga. Puu! Akapiga tena. Chini ya mguu mchanga ukalainika, yakatoka matope, na nyuma ya matope, maji. Tembo mwenyewe alishtuka, maana hilo halikuwa kwenye mazoezi. Lakini alikuwa mgombea hodari, hakusahau maneno yake. Akanyanyua mkonga, akasema taratibu, kama alivyofundishwa:

"Ndugu zangu wa mawe. Nilimwona mtoto akilamba jiwe kavu. Nikamwambia, hapo hapana kitu. Akanijibu, nalamba palipokuwa na kitu. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, maji hayajawa matamu kinywani mwangu."

Kisha kwenye jiwe la mbele kabisa mtu akashikwa na kwikwi. Alikuwa Pimbi.

"Kumbe aliona," alisema, machozi yanamdondoka. "Mke wangu, kumbe aliona."

"Nani aliona? Uliona wewe, Baba Changarawe. Maneno hayo ni yako."

"Najua ni yangu. Lakini msikie anavyoyasema."

Mama Changarawe alirusha mkono amshike mguu, akakosa. Pimbi alikwisha kuruka, akatua mchangani, akajipanga nyuma ya Tembo, wa kwanza kabisa, akipaza ile sauti yake: "Tembo wetu! Tembo wetu!"

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Watu wa mawe waliposikia mpiga mbiu wao, walidhani mpango umebadilika. Nguchiro wakateremka, pimbi wakateremka, mstari ukarefuka. Kobe alifika kura zimekwisha kuhesabiwa, lakini alifika, na alikuwa analia naye.

Tembo akashinda. Habari ya njia hakuna aliyeikumbuka, isipokuwa Mama Changarawe, na yeye alikuwa peke yake juu ya jiwe.

Kesho yake Pimbi alimshika mwanawe mkono, wakateremka dimbwini kutoa pongezi. Walimkuta Tembo anakunywa.

"Mheshimiwa, hongera. Nimekuletea yule mtoto wa jiwe."

"Jiwe gani?" Tembo aliuliza, akamtazama Changarawe kwa jicho moja. "Sogeeni nyuma, mtakanyagwa."

Wakarudi. Walipofika chini ya mawe, Changarawe aliinama kisimani akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Kisima hakikujua kwamba kilikuwa tangazo. Kiliendelea kutoa maji, na ndicho mnachokunywa ninyi hadi leo.

"Baba," Changarawe aliuliza, anajifuta kidevu, "Tembo alitudanganya?"

"Hapana, mwanangu. Yeye aliyasema vizuri tu. Mwongo nilikuwa mimi, na aliyedanganywa nilikuwa mimi vilevile."

Ndiyo hivyo. Kisima tulikipata kwa ujanja, njia tukaipoteza kwa machozi, na jina la pimbi likabaki tusi. Msimcheke sana babu yenu. Juzi tu mgombea mmoja alipita hapa, akasema moyo wake uko kwa mabibi wasio na meno, nami nikajikuta napiga vigelegele na mapengo yangu nje.

Basi shikeni hili moja: mganga hajigangi, na mtunga tangazo asikae kiti cha mbele.