Chawa Kwanza, Habari Baadaye

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliokula kiporo? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, habari zote za porini zilipita kwa Nyani. Nyani alikuwa na gogo kubwa lenye uwazi ndani, kaliweka kilimani. Una msiba? Kwa Nyani. Una harusi? Kwa Nyani. Analipiga, ndi! ndi! ndi! Pori zima linasikia. Lakini hakumpigia mtu bure. Ukifika, anakugeuzia mgongo. "Chawa kwanza, habari baadaye!" Na chawa wa Nyani, jamani, hawaishi.

Mama Kanga alikuwa ametaga mayai manne majanini. Mumewe alilinda mtoni, maana ndiko alikokaa Kenge, mla mayai. Siku moja Kenge akatoka majini. Kwa mbio Baba Kanga hamuwezi Kenge. Akapanda kilimani, pumzi juu juu.

"Bwana Nyani, piga upesi! Kenge anakwenda kwangu!"

"Chawa kwanza."

"Mayai yangu, bwana!"

"Na mgongo wangu?"

Akadonoa chawa, akadonoa, akadonoa, mpaka jua likafika utosini. Ndipo gogo likalia. Ndi! ndi! ndi! Mama Kanga, jihadhari, Kenge anakuja!

Mama Kanga akajibu huku analia, "Ameshakuja, ameshakula, ameshakwenda!"

Msione nacheka. Ilimuuma sana.

Basi akatokea Buibui. Akatandaza uzi mti kwa mti, toka mtoni hadi majanini. Ukiuvuta huku, unatikisika kule upesi. Nyani akashuka mbio, vyaa! akaukata wote. "Miti hii yangu! Babu yangu aliikalia!"

Wakaenda barazani kwa Mama Nyati, mwamuzi wa pori. Mama Nyati akacheua, akacheua, akakata shauri. "Nyani, gogo basi. Miti yote apewe Buibui." Vigelegele! Hata Mama Kanga alipiga. Wajinga ndio waliwao.

Haikupita miezi miwili, Buibui akanenepa. Ukitaka kuvuta uzi, anafumbua jicho moja. "Nzi kwanza, habari baadaye!" Akaja Kigong'ota, ndege mgonga miti, na ufundi mpya. Anagonga mti huu, wanawe wanaupokea mlio mti kwa mti, ng'o ng'o ng'o, upesi kuliko uzi. Buibui akamfukuza. "Miti nimepewa na baraza!"

Na Mama Kanga ametaga tena, mayai saba. Hasira zikampanda. Akaingia barazani, manyoya yamemsimama.

"Mama Nyati, shikamoo, lakini leo nasema. Mlimtoa Nyani, mkatuwekea Nyani mwenye miguu minane!"

Baraza likaangua kicheko. Mama Nyati hakucheka. "Sasa miti nimpe nani, mwanangu?"

"Usimpe mtu! Miti iwe ya wote. Gogo lipigwe, uzi uvutwe, mti ugongwe, mwenye habari achague. Na habari ya mmoja ikifika kwa mwenzake, aipitishe. Akikataa, ashuke mtini!"

Mama Nyati akacheua kwa muda mrefu. "Hapo kweli nilikosea," akasema. Ikawa sheria.

Kesho yake tu, Kenge huyo, katoka majini. Baba Kanga akakimbilia kwenye uzi.

"Nzi kwa..." Buibui akaanza.

"Naenda kwa Kigong'ota."

"Ngoja, shemeji, ngoja! Nimeshiba!"

Nyani akapiga kelele kutoka kilimani, "Njoo kwangu! Leo nitakutoa chawa mimi!"

Baba Kanga hakugeuka. Ng'o ng'o ng'o! Habari ikaondoka. Ilipofika bondeni, ambako Kigong'ota hana mtoto, Buibui akaipokea, akavuta uzi bila kuomba nzi hata mmoja. Kenge hajajikung'uta maji mkiani, Mama Kanga ameshajua. Akaita ukoo mzima. Kenge kufika, midomo arobaini inamngoja. Do! do! do! Alidonolewa mpaka akasahau yai lina umbo gani.

Mayai saba, vifaranga saba. Mama Kanga alilia tena siku ile, ila kwa furaha.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Njia ikiwa ya mmoja, mpita njia ndiye anayebembeleza. Njia zikiwa nyingi, wenye njia ndio wanaombembeleza yeye. Na ukimwondoa mkorofi, usimkabidhi mwenzake fimbo ile ile.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeamini akawaulize vifaranga.