Pipa Lililopigiliwa Kizibo

Kule kusini mwa Hispania, wapendwa, jua ni kali kama la Dodoma. Wakulima huanika zabibu kwenye mikeka mpaka zisinyae, ndipo wazikamue wapate divai nzito, tamu kama asali. Naona mzee wa kanisa amenikazia macho. Tulia, mzee wangu, leo hatunywi, tunajifunza.

Divai hiyo hukaa kwenye mapipa yaliyopangwa safu juu ya safu. Iliyozeeka huwa chini, changa huwa juu. Kila mwaka huteka kidogo kutoka pipa la chini, kisha hulijazia divai changa. Haliachwi likauke.

Sasa mkulima mmoja alifiwa na mkewe. Pipa la chini kabisa lilikuwa likitunzwa na mama huyo. Wakati wa kujazia ulipofika, binti yao akaja na mtungi.

"Baba, tumjazie mama pipa lake."

"Usithubutu! Humo mna mikono ya mama yako. Hiyo divai changa ya juzi itaiharibu yake."

"Lakini mama mwenyewe alikuwa akijazia kila mwaka."

"Nimesema basi, mwanangu."

Akaenda kutafuta nyundo, akarudi, akapigilia kizibo. Je, alikosea kumpenda mkewe? Hata kidogo. Nani kati yetu hajawahi kuficha nguo ya marehemu ili harufu yake isipotee?

Miaka saba ikapita, binti akapata mchumba. Siku ya harusi baba akasema, "Leo mama yako atakuwa nasi mezani." Akazibua pipa, akaliinamisha. Yakatoka matone mawili meusi, mazito kama lami. Mbao hupumua, wapendwa, na nchi ile ni ya joto. Divai ilikuwa imeondoka kidogo kidogo, hakuna aliyeiiba.

Baba akaketi sakafuni. "Nimemzika mara ya pili."

Binti akapanda safu ya juu, akashuka na kikombe. "Onja hii, baba."

Akaonja. Akaonja tena. "Umeitoa wapi? Huyu ni mama yako kabisa!"

"Siku ile ulipokwenda kutafuta nyundo, niliteka mtungi mmoja kwenye pipa lake, nikaumimina kwenye pipa la divai changa. Tangu hapo nalijazia kila mwaka. Nisamehe, baba."

Mzee akamkumbatia, huku kikombe kingali mkononi.

Na sisi je? Sala za bibi zetu, nyimbo za wazee wetu, ni mangapi tumeyapigilia kwa upendo mwingi, tukiogopa vijana watayaharibu? Tutakapozibua, tutakuta nini?

Mnajua lile kabati la nyimbo alizoziandika hayati mwalimu wetu wa kwaya. Vijana wameliomba mara tatu, wakaambiwa wangoje. Aliyewaambia ni mimi. Ufunguo huu hapa. Binti yangu, wewe wa sauti ya kwanza, njoo uuchukue.