Mtungi Uliopinduliwa Mwenyewe Akiwa Hai

Ya jana yakibaki mtungini, ya leo nayo huwa ya jana.

Maneno haya tuliyasikia kwa mara ya kwanza jikoni, asubuhi ya Jumatatu, yakitoka kinywani mwa Mzee Chilewa, mpishi mkuu wa shule yetu. Sisi wa Kidato cha Pili tulikuwa tumepanga foleni na mabakuli ambayo, kwa sababu za kitaalamu, hayakuwa yameoshwa tangu Jumamosi. Mzee Chilewa alitazama ukoko wa uji ndani ya bakuli la kwanza, akarudisha upawa sufuriani, akasema methali hiyo, kisha akafunika sufuria. Tukamwuliza imetoka wapi, kwa unyenyekevu wote wa watu wanaotaka uji. Akaketi juu ya gunia la unga. Methali hii, alisema, ilizaliwa kijijini kwao Chisegu, na siku ilipozaliwa watu walikuwa wamekuja kulia msiba. Ilianza hivi.

Chisegu ni kijiji cha mbali. Barabara inakifikia wakati wa kiangazi tu, tena kwa kusitasita. Kwa miaka yote watu wake walikunywa maji ya lambo, bwawa la kuchimbwa walilogawana na ng'ombe, mbuzi na bata wa mwenyekiti. Maji ya lambo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akikaribishwa maji alidhani ni chai, akashukuru, mpaka aonje. Hilo lilichekesha. Lisilochekesha ni kwamba kila mwaka lambo lilipopungua watoto waliharisha, na makaburi madogo upande wa magharibi wa kijiji yakaongezeka.

Mawili kati ya makaburi hayo yalikuwa ya watoto wa Matika, mke wa mfugaji aitwaye Yeremia. Mtoto wa kwanza alikuwa na miezi kumi na minne. Wa pili hakufikisha mwaka. Sasa Matika alikuwa na wa tatu, binti wa miezi kumi, jina lake Sechelela, na tangu azaliwe mama yake hakuwa ametulia hata siku moja. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alihesabu vitambaa vilivyolowa. Kisha alimfinya mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, aone kama inarudi haraka, kama alivyofundishwa kliniki.

"Utamtoboa huyo mtoto," mama mkwe wake, Bibi Mbeleje, alimwambia.

Lakini Matika akitoka nje, bibi naye alifinya.

Mwaka huo wakaja wachimbaji na gari lenye mtambo. Wakachimba siku nne, wakafunga bomba la mkono, na maji yakatoka meupe kiasi kwamba wazee wengine walisita kuyanywa, kwa kuwa hayakuwa na kitu ndani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Loti, alitoa hotuba, akatangaza kwamba ugonjwa wa kuhara umekufa rasmi. Akapigiwa makofi.

Wiki tatu baadaye ugonjwa wa kuhara, ambao haukuwa umepata taarifa hiyo, ukarudi. Watoto saba wakaugua kwa wiki moja. Mmoja wao, wa nyumba ya pili kutoka kwa Matika, akazikwa Jumanne.

Kijiji kikaanza kunong'ona. Lamboni hakuna aliyekwenda tena. Kila mtu alikunywa maji ya bomba. Tena watu waliona kwa macho yao: maji yalitoka bombani meupe, lakini yakiingia mtungini yanakuwa na rangi ya chai. Mzee Loti akaitisha kamati ya maji. Baada ya kikao cha saa nne, kamati ikagundua kwamba maji ya chini ya ardhi hayajazoea mwanga, na kwa hiyo yakiletwa juu hugeuka. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi bomba liondolewe mpini na kufungwa, na watu warudi lamboni, ambako angalau ugonjwa ulikuwa ni wa nyumbani.

Alhamisi asubuhi Sechelela akaanza kuharisha.

Hadi Ijumaa asubuhi mtoto alikuwa amechafua vitambaa vyote, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mkojo. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi, sauti kama ya mlango mkavu, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo Matika alipoogopa zaidi. Yeremia alikuwa malishoni na ng'ombe, mwendo wa siku mbili. Zahanati ilikuwa kilomita ishirini na nane. Jirani mmoja, Mama Ndalu, akamtuma mwanawe akamwite Foibe, mhudumu wa afya aliyezungukia vijiji vinne kwa baiskeli moja.

Foibe alifika saa nne. Alimtazama mtoto kwa muda mfupi tu, akafungua mkoba, akatoa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, akaomba maji. Matika akachota kwa kata kutoka kwenye mtungi uliokaa kando ya mlango. Foibe akayatazama yale maji.

"Haya ya lambo?"

"Ya bomba, dada. Nimeyateka leo alfajiri."

"Nimepita bombani sasa hivi nikanywa. Yale meupe."

"Yamegeuka. Kamati imesema hugeuka."

"Kamati iliyauliza?"

Foibe akainama, akachungulia mtungini.

"Ulipoyamimina, humu ndani kulikuwa na nini?"

"Yale ya jana."

"Na jana ulipomimina?"

"Ya juzi."

"Mtungi huu ulikauka lini mara ya mwisho?"

Matika akamgeukia mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kigodani akimpepea mtoto kwa upindo wa kanga.

"Siku aliyokufa mama mkwe wangu mimi," Bibi Mbeleje akasema. "Huu ni mwaka wa thelathini na moja."

Hapa, Mzee Chilewa alitueleza, lazima tuijue desturi ya Chisegu. Kila nyumba ilikuwa na mtungi mmoja tu wa maji ya kunywa, na mtungi ulikuwa na mwenyewe, mwanamke mkubwa wa nyumba. Haukukaushwa kamwe. Ukifika nusu, uliongezwa. Siku mwenyewe alipokufa ndipo ulipomwagwa na kupinduliwa mlangoni, na yeyote aliyeuona umepinduliwa alijua, bila kuambiwa, kwamba aje kulia; tena iliaminika kwamba ukipinduliwa mapema, mwenyewe hufuata. Kwa hiyo ndani ya mtungi wa Bibi Mbeleje lilikuwa limelala tope la lambo la miaka thelathini na moja. Na kila alfajiri, kwa zaidi ya wiki tatu, Matika alikuwa akiliamsha kwa kulimiminia maji safi kabisa.

"Bibi," Foibe akasema, "mtungi huu lazima umwagwe, usuguliwe, usuuzwe kwa maji ya moto."

"Utamwagwa. Nikifa."

"Mtoto hawezi kusubiri ufe."

"Basi unataka nifanye haraka."

Foibe hakucheka. Bibi naye hakucheka. Foibe akatoa chupa yake, ambayo maji yake aliyachemsha nyumbani, akachanganya dawa, akaanza kumnywesha mtoto kwa kijiko.

"Leo ninayo haya," akasema huku akinywesha. "Kesho mimi nipo kijiji kingine. Huyu anatambaa, na kata iko chini, hapo hapo. Atajichotea. Nikimtibu nikamwacha na mtungi huu, nitakuwa nimemtibu bure."

Bibi Mbeleje akamtazama Matika. "Na wewe unasemaje?"

Matika alimpenda mama mkwe wake. Ndiye aliyemshika mikono makaburini mara zote mbili.

"Siwezi kukuambia uumwage, mama," akasema. "Na siwezi kukuambia usiumwage."

Bibi akanyoosha mkono, akamfinya mtoto tumbo kwa vidole viwili. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa. Bibi akaitazama ikishuka polepole mno, kisha akainuka.

"Nimekula mavuno sabini, mengine ya njaa," akasema. "Huyu hajala hata moja. Njoo ushike upande huo. Na kanga yangu ya kuzikiwa iko chini ya sanduku, ile ya bluu. Usinivike yenye maua."

"Mama."

"Shika."

Wakauinua mtungi pamoja hadi nje, wakauinamisha. Yakatoka maji, likatoka tope jeusi lenye harufu ya zizi, kikatoka kijiko kilichotafutwa tangu mwaka uliopita, na mwisho ukatoka mfupa mdogo ambao hakuna aliyetaka kuutambua. Matika aliona tope lile likitambaa ardhini, akakumbuka ni nani wengine waliokunywa humo kabla ya Sechelela. Bibi akaupindua mtungi mlangoni, kwa mikono yake mwenyewe, ili uchuruzike.

Mama Ndalu alikuwa uani kwake akipepeta mtama. Aliinua macho, akaona mtungi umepinduliwa, ungo ukamponyoka. Akapiga yowe lililosikika hadi lamboni. Haikupita nusu saa, wanawake ishirini walikuwa wamefika mbio wakilia, wengine vichwa wazi. Wakamkuta marehemu amechuchumaa nje, mikono imejaa mchanga na majivu, anasugua mtungi.

Mama Ndalu aliendelea kulia hatua tatu zaidi, kwa sababu ya mwendo, ndipo akanyamaza.

"Mbeleje," akasema. "Umekufa?"

"Bado. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Nione kati yangu na mjukuu wangu ni nani anayekwenda. Kaeni. Mmeshakuja."

Wakakaa. Foibe alikuwa amesema kwamba ikifika saa tisa mchana mtoto hajakojoa, angemchukua na mama yake kwenye baiskeli hadi zahanati, na jinsi alivyoitaja safari ile ilionyesha hakuitegemea sana. Kukawa na kazi moja tu ya kufanya, kijiko baada ya kijiko. Kuna kijiko kilichotapikwa, wakangoja kidogo, wakaanza upya. Wanawake walimtazama mtoto, kisha wakamtazama bibi, kisha mtoto. Bibi akikohoa, wote ishirini waliinuka nusu. Akisema ni vumbi tu, waliketi tena. Mtungi ulisuuzwa kwa maji ya moto, ukajazwa maji ya bomba, ukafunikwa. Maji yalikaa humo meupe, na hakuna aliyethubutu kusema neno juu ya hilo, wasije wakayashtua.

Saa saba, kitambaa kikavu. Saa nane, kikavu. Saa tisa kasoro robo Foibe akaanza kujaza upepo gurudumu la nyuma. Matika akamfunga mtoto mgongoni. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea kwenye baiskeli aliposimama ghafla, asitikisike, kama mtu aliyekanyaga nyoka.

"Nini?" Foibe akauliza.

"Mgongo umelowa," Matika akasema. "Tena ni vuguvugu."

Akakaa chini palepale. Foibe akafungua kanga, akagusa, akanusa. Ulikuwa mkojo. Na Sechelela, kwa kukasirishwa na kufunguliwafunguliwa, akalia, na machozi mawili makubwa yakamtoka. Ndipo wanawake ishirini waliokuja kulia wakalia vizuri.

Jumamosi asubuhi Mzee Loti na kamati yake walikuwa bombani na spana. Bibi Mbeleje akaja kwa miguu yake, nyuma yake Matika na mtoto mgongoni, bado dhaifu lakini macho yamerudi mahali pake.

"Mwenyekiti," bibi akasema, "kabla hujafungua hiyo nati. Kwako mtungi ulimwagwa lini?"

"Bibi, mama yangu yupo hai. Amesimama hapo."

"Mimi pia nipo hai, na wangu ulimwagwa jana. Maji yenu yote yamegeuka, yangu hayakugeuka. Bomba halina kosa, Loti. Ya jana yakibaki mtungini, ya leo nayo huwa ya jana."

Mzee Loti akatafuta jibu usoni mwa kamati. Kamati ikatazama chini. Spana ilibaki juu ya nati, mpaka mama yake Loti, mwanamke wa miaka themanini na tatu, akatoka kwenye kundi akiegemea fimbo.

"Weka chini hicho chuma, mwanangu," akasema. "Twende ukanishikie mtungi. Ni mzito."

Hadi adhuhuri mitungi ilikuwa imepinduliwa kwenye kila mlango wa Chisegu. Mchuuzi mmoja wa chumvi aliyekuwa akiingia na punda wake aliona hivyo, akageuza punda, na kwa mwezi mzima vijiji vya jirani viliamini kwamba Chisegu wamekufa wote. Lakini mwaka ule lambo lilipopungua, upande wa magharibi wa kijiji hakuna aliyechimba kaburi dogo.

Ndiyo maana huko kwao, Mzee Chilewa alimalizia, mtu akipewa kitu kipya akakimimina juu ya uchafu wake wa zamani, kisha akakilaumu kile kipya kwamba kimeharibika, hawabishani naye. Humwambia tu: ya jana yakibaki mtungini, ya leo nayo huwa ya jana.